Swichi ya mguu ya redio kwa bei ya spea ya bodaboda

Mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa ya Tanzania, yaani ya kuzungumza na wenzake hewani kwa kupenda tu, inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ana alama ya wito, yaani jina lake la hewani, inayoanza na 5H, na duniani wanaoitafuta alama hiyo ni wengi kuliko wanaoitumia. Jioni masafa yakifunguka kwenye megahezi 14 au 21, ukiita kutoka Mwanza, stesheni za Ulaya hujibu kwa pamoja, zikipandana sauti. Mkono mmoja unaandika alama za wito kwenye daftari, mwingine umeshika kitufe cha kubadilishia masafa, na maikrofoni nayo inadai mkono wa kuibana ili redio irushe sauti. Nilivumilia hali hiyo kwa muda mrefu, nikiandika kwa mkono wa kulia na kuishika maikrofoni kwa wa kushoto, hadi kidole gumba kikaanza kuuma na daftari likajaa alama nilizoshindwa kuzisoma kesho yake. Nilihitaji swichi ya kukanyaga, nami nilitaka ya bei ndogo.

Wapo watakaosema kwamba redio nyingi zina VOX, yaani mfumo unaoifanya redio irushe yenyewe inaposikia sauti yako, na kwamba hilo halina gharama. Ni kweli, nami ndiko nilikoanzia. Tatizo ni kwamba nyumba yangu imeezekwa kwa mabati, na sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunajua mvua zetu: usiku wingu linatoka ziwani, radi zinakatiza, na tone kubwa la kwanza likigonga bati redio inaruka kurusha. Ukipunguza wepesi wa VOX ili isiisikie mvua, inakata neno lako la kwanza. Ukiongeza, inasikia spika yake yenyewe, jenereta ya jirani na kunguru wa asubuhi. Kwa mtu anayeishi chini ya zege VOX inatosha kabisa, lakini chini ya mabati niliiacha bila majuto.

Swichi za mguu zilizotengenezwa mahususi kwa redio zipo, na ni nzuri. Niliziangalia mtandaoni, nikajumlisha nauli ya posta na ushuru, nikaona usafirishaji unakaribia bei ya kifaa chenyewe. Nikafunga ukurasa.

Kabla hujatoka nyumbani kutafuta, ni vyema uelewe kwanza kile unachokitafuta, kwa sababu jina la bidhaa linapotosha. Kitufe cha maikrofoni hakifanyi ajabu yoyote: kinaunganisha nyaya mbili, mmoja wa kurushia na mmoja wa ardhi ya redio. Zikiungana, redio inarusha, zikiachana, inapokea. Umeme unaopita hapo ni mdogo sana, volti chache na milliampia chache. Kwa hiyo swichi yoyote ya mguu inayounganisha inapokanyagwa na kuachanisha mguu unapoondoka inafaa, hata kama mtengenezaji wake hajawahi kuisikia redio ya ridhaa. Masharti ni mawili tu: isibaki imeunganisha mguu ukishatoka, na iunganishe kikamilifu, siyo nusunusu. Vitu vingi nilivyoletewa na wauzaji vilianguka kwenye sharti mojawapo kati ya hayo.

Cha kwanza kilikuwa pedali ya cherehani ya umeme. Mafundi wengi wa soko la Mlango Mmoja na mjini kwa jumla wanashona kwa cherehani za kukanyaga zisizo na umeme, lakini fundi mmoja alikuwa na pedali kuukuu ambayo mota yake iliungua, akanipa kwa bei ya soda mbili. Kwa nje ni kitu kamili: inakaa sakafuni, ni nzito, ina mpira chini, na unyayo unaifurahia. Nilipoipima kwa multimita, yaani kipimo cha umeme, kabla ya kuiunga popote, niliona sababu ya kutofaa. Kazi yake ni kupunguza na kuongeza mwendo wa mota, si kuwasha na kuzima. Ndani ya aina hiyo ya zamani kuna vipande vya kaboni vilivyopangwa, na kadiri unavyokanyaga ndivyo vinavyobanana na ukinzani unavyoshuka polepole. Nilipoiunga hata hivyo, redio haikujua ifanye nini na ukinzani wa katikati. Nilipokanyaga kwa upole rilei yake ya ndani, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ilipiga kelele ya tatatata, ikirusha na kuacha mfululizo. Ilitulia pale tu nilipoikandamiza hadi mwisho, na hakuna mguu unaoweza kufanya hivyo kwa saa nzima. Pedali mpya zaidi, zenye saketi ya kielektroniki badala ya kaboni, ni mbaya zaidi, kwa kuwa zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani na haziielewi volti ndogo ya redio. Na jambo moja la usalama: pedali ya cherehani hubeba umeme wa ukutani, hivyo usiiguse wala usiijaribu ikiwa bado imeunganishwa na mashine yake.

Ukipenda kuitumia hata hivyo, kuna njia. Toa vyote vilivyomo ndani, bakiza boksi na springi, kisha weka humo swichi ndogo ya kubonyeza. Mwenzangu wa Bukoba alifanya hivyo na pedali yake inafanya kazi. Mimi sikuwa na subira ya kutafuta swichi ndogo inayoingia vizuri katika nafasi ile.

Muuza vyombo vya muziki, anayehudumia zaidi kwaya za makanisa, alinionyesha pedali ya kinanda. Hizi zinafaa kuliko watu wanavyodhani, ila zina mitego yake. Baadhi huunganisha zinapokanyagwa, na nyingine hufanya kinyume chake: zimeunganisha muda wote na huachana zinapokanyagwa. Ukichomeka ya aina hii ya pili, redio itaanza kurusha ukiwa hujaigusa. Baadhi zina kitelezi kidogo chini au ubavuni cha kugeuza tabia hiyo, na hizo ndizo za kununua. Zile za gitaa za kubadilisha sauti ya amplifaya ziache kabisa, maana nyingi ukikanyaga mara moja zinaganda, hadi ukanyage tena ndipo ziachie. Ukisahau, redio inaendelea kurusha huku ukizungumza na mkeo kuhusu bei ya sato, na nusu ya Afrika Mashariki inasikiliza. Pedali ya kinanda niliyoonyeshwa ilikuwa na kitelezi, lakini bei ilikuwa karibu shilingi 45,000, na bei ndogo ndiyo iliyokuwa imenitoa nyumbani.

Katika duka la vifaa vya umeme mjini ndipo nilipoiona swichi ya mguu ya viwandani, ile inayotumika kwenye mashine za kukunja bati na za kuchomelea. Ina kifuniko cha chuma au plastiki ngumu, na ndani ina swichi yenye ncha tatu: COM, ambayo ni ya pamoja, NO, inayoungana nayo ukikanyaga, na NC, inayoachana nayo ukikanyaga. Kwa redio unafunga COM na NO basi, NC unaiacha wazi. Bei niliyotajiwa ilikuwa shilingi 28,000, nami nasema bila kusita kwamba mwenye fedha hiyo ainunue na aishie hapo, asiendelee kusoma habari za bawaba na mbao. Kasoro yake ni moja: inalia kwa nguvu inapobonyezwa, na sakafu ikiwa ya saruji tupu mlio huo unaingia kwenye maikrofoni. Kipande cha zulia chini yake kinasaidia.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuliona suala hili kama ubishi kati yangu na wauzaji, na nikiwa nimesimama kwenye foleni ya magari maeneo ya Nyakato nilitazama taa ya nyuma ya bodaboda iliyokuwa mbele yetu. Ilikuwa inawaka kila dereva anapokanyaga breki. Pale pale nikajua kwamba chombo ninachokitafuta kimefungwa kwenye kila pikipiki ya mji huu.

Kwenye duka la vipuri kijana aliniuliza, "Shikamoo mzee. Pikipiki yako ni Boxer, TVS au SanLG?" Nilipomjibu kwamba sina pikipiki na kwamba swichi yenyewe naitaka kwa ajili ya redio, alinitazama kidogo, kisha akaniwekea kaunta swichi ya breki ya nyuma kwa shilingi 3,000. "Mzee, hata ukiifunga kwenye friji bei ni hiyo hiyo."

Kifaa chenyewe ni kidogo kama kidole: bomba jeusi la plastiki lenye nyuzi za skrubu kwa nje na nati kubwa ya plastiki inayozunguka juu yake, nyaya mbili zikitokea kwa juu, na kwa chini kijiti chenye springi ndefu nyembamba iliyoishia kwa ndoano. Ndoano ikivutwa, nyaya zinaungana. Ikiachiwa, kijiti kinarudi ndani na nyaya zinaachana. Nilipima pale pale dukani: bila kuvuta, mita haikuonyesha kitu, nilipovuta, ikaonyesha chini ya omu moja na kubaki hapo bila kutetemeka. Masharti yote mawili yalitimia, na kifaa kilikwishazoea kuamriwa kwa mguu, tena katika matope na mvua. Usikubali upewe swichi ya breki ya gari kwa kudhani ni ile ile, kwa maana ile ya kawaida ya gari huunganisha pale kitufe chake kinapoachiwa, si kinapobonywa, na itakulazimu kuijengea mtambo wa kinyume.

Kwa kuwa swichi hii inataka kuvutwa kuelekea chini, nilifuata mpangilio wa pikipiki yenyewe. Chini niliweka ubao mnene wenye urefu wa sentimita 30 hivi. Juu yake nikafunga ubao wa pili kwa bawaba upande wa kisigino, ili upande wa vidole uweze kupanda na kushuka. Mbele ya vidole, kwenye ubao wa chini, fundi wa kuchomelea alinisimamishia kipande cha chuma cha pembe kilichotobolewa juu; bomba la swichi limebanwa katika tundu hilo kwa nati yake, na ndoano inaning'inia hadi kwenye skrubu yenye jicho iliyopigwa kwenye ukingo wa ubao wa juu. Ukikanyaga, ubao unashuka, ndoano inavutwa, redio inarusha. Uzuri mkubwa uko kwenye ile nati: ukiizungusha, bomba linapanda au kushuka, na hivyo unachagua mguu ushuke kiasi gani kabla ya redio kuitika, bila kugusa mbao.

Jambo lililonichukua muda kuliko yote halikuwa la umeme. Mtu anapopokea haondoi mguu wake kwenye pedali, anaupumzisha juu yake. Springi ya swichi ni laini mno kubeba uzito huo, kwa hiyo mwanzoni redio ilirusha kila nilipolegea. Pedali inatakiwa iwe na kitu kigumu kiasi cha kubeba mguu uliotulia, lakini laini kiasi cha kukubali unapoamua. Nilijaribu sponji ya godoro, ikalala ndani ya wiki chache. Kilichofaa ni vipande vya mpira wa katambuga, zile ndala za matairi, vilivyokatwa vyembamba na kuwekwa kati ya mbao mbili karibu na bawaba: ukivisogeza mbele pedali inakuwa ngumu, ukivirudisha nyuma inalegea. Mabaki ya mpira huo huo niligongomelea chini ili kifaa kisiteleze kwenye vigae. Jaribu ukiwa na viatu unavyovaa kweli wakati wa kurusha. Mimi hukaa peku, na mguu mtupu unataka pedali laini zaidi kuliko wenye kiatu.

Kisha kuna waya na plagi, na hapa nawaomba wasomaji wapunguze mwendo, kwa sababu swichi mbovu itakunyima kurusha tu, lakini waya uliofungwa vibaya unaweza kuiunguza redio. Soketi ya maikrofoni ya pini 8 inafanana kwa macho kwenye redio nyingi za mezani za kampuni za Icom, Kenwood na Yaesu, wakati mpangilio wake ni tofauti kabisa. Kwenye Icom, kurusha ni pini namba 5 na ardhi yake ni namba 6. Kwenye Kenwood, kurusha ni namba 2 na ardhi ni namba 8. Sasa angalia: pini namba 2 ya Icom ina volti 8 zinazotoka ndani ya redio. Mtu mwenye Icom anayefuata mchoro wa Kenwood, kila anapokanyaga atakuwa anazipeleka zile volti 8 kwenye pini namba 8, ambayo kwenye Icom si ardhi bali ni njia ya kutolea sauti ya redio. Kwenye Yaesu za aina hiyo, kurusha ni namba 6 na ardhi ni namba 5.

Njia ya kujihakikishia bila kutegemea mchoro wa mtu yeyote ni kuchomoa maikrofoni yako, kuweka ncha za multimita kwenye pini za plagi yake na kubana kitufe. Pini mbili zinazoungana unapobana na kuachana unapoachia ndizo zako. Namba zimechorwa kwa herufi ndogo sana kando ya pini, kwa hiyo tumia tochi, na kumbuka kwamba ukiitazama plagi kwa nyuma mpangilio unageuka. Mimi nilifungua plagi ya maikrofoni yangu ya Icom, nikalehemu nyaya mbili za ziada kwenye pini 5 na 6, na kuzitoa pamoja na waya wa maikrofoni. Kitufe cha mkononi bado kinafanya kazi kama zamani.

Wenye Yaesu FT-817, FT-857 au FT-897 wana njia nyepesi zaidi, kwani soketi ya DATA ya nyuma hupokea plagi ya pini 6 ya umbo lile lile la kibodi na mausi za zamani za kompyuta. Fundi yeyote wa kompyuta ana rundo la nyaya hizo. Kurusha ni pini namba 3 na ardhi ni namba 2. Waya mwingi wa mausi hauna uzi kwenye pini namba 2, lakini uzi wa nje uliofungwa kwenye bati la plagi unaweza kuchukua nafasi yake, baada ya kupima na kuona kwamba bati hilo limeungana na ardhi ya redio. Wenye Kenwood zenye soketi ya ACC2 ya pini 13 watumie pini namba 13, wala si namba 9. Ya 9 nayo inarusha, ila inainyamazisha maikrofoni, na utaita hadi koo likauke bila mtu kukujibu.

Nilipomaliza kufunga nilijaribu kwa wati 10, kila kitu kikaenda sawa. Nilipopandisha hadi wati 100 kwenye megahezi 7, redio ilianza kurusha nikikanyaga na ikakataa kuacha nilipoachia. Nilizima umeme nikidhani swichi imeganda, lakini ilikuwa nzima. Waya wangu wa mita 2, ule mwembamba wa spika usio na ganda la nje, ulikuwa umegeuka antena ndogo: unakamata mawimbi ya redio yangu mwenyewe na kuyarudisha kwenye saketi ya kurushia. Niliubadilisha kwa waya wenye ganda la nyuzi, aina inayotumika kwa maikrofoni za ukumbini, ganda likiwa upande wa ardhi. Nikalehemu kapasita ya mikrofaradi 0.01 kati ya nyaya mbili karibu na plagi, ili mawimbi hayo yapite humo badala ya kuingia redioni. Halafu nikauzungusha waya mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, ile nyeusi ya kuzuia mawimbi, niliyoitoa kwenye waya wa skrini mbovu ya kompyuta. Tatizo likakoma.

Kwa gharama, swichi ilikuwa 3,000, bawaba na skrubu 2,500, fundi wa kuchomelea 4,000 pamoja na chuma chake, waya wenye ganda 5,000 na kapasita 500. Jumla ni shilingi 15,000. Mbao na mpira vilikuwa nyumbani. Ukihesabu pedali ya cherehani, waya wa kwanza na nauli za daladala, tofauti kati yake na ile ya viwandani si kubwa kama ninavyopenda kuwaambia wageni.

Mambo mawili yamejitokeza tangu hapo. La kwanza ni kwamba pedali iliyo sakafuni haijui ni nani anayeikanyaga. Ndoo ya kudekia ilishawahi kuiegemea, na redio ikarusha kimya kitupu mpaka nilipohisi joto lake. Sasa kuna swichi ndogo ya kuzima na kuwasha katikati ya waya, juu ya meza, nami huizima kila ninapoinuka.

La pili ni unyevu. Swichi ya breki imetengenezwa kwa taa ya wati 21, yaani karibu ampia 2, na umeme huo husafisha kutu nyembamba inayojijenga kwenye vyuma vinavyogusana. Milliampia chache za redio hazina nguvu hiyo. Baada ya masika ya kwanza nilianza kukanyaga mara mbili ndipo redio iitike. Ukivuta ndoano kwa kasi mara nyingi mfululizo, kutu hiyo inasuguka na mambo yanarudi sawa kwa muda. Tiba ya kudumu niliyoifunga ni rilei ndogo ya volti 12: swichi ya breki inawasha rilei kwa umeme wa betri ile ile ya redio, na rilei iliyofungika ndani ya boksi lake ndiyo inayounganisha pini 5 na 6. Kwenye koili yake weka dayodi ya 1N4007, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, upande wenye mstari ukielekea chanya ya betri. Rilei na dayodi viliniongezea shilingi 3,500.